Mgeni Katika Ofisi ya Walimu: Jinsi ya Kumsaidia Kijana wa Kujitolea Kutoka Ng'ambo

Mwanachuo anayemaliza mafunzo yake na kupangiwa shule ya msingi katika wilaya ya Korogwe au Handeni hutarajia kumkuta huko mwalimu mkuu, walimu wenzake, kamati ya shule na watoto. Mara nyingine humkuta na mtu ambaye hakutajwa katika mafunzo yake: kijana wa miaka ishirini na mitatu au na mitano, aliyetoka Marekani, Uingereza, Denmark au Ujerumani, mwenye baiskeli, chujio la maji na kamusi, aliyeletwa kufundisha Kiingereza au hesabu, au kusaidia kazi ya visima na bustani za miche. Hana ukoo wilayani. Kiswahili chake ni cha miezi mitatu. Anatabasamu sana, na baada ya muda hatabasamu tena.

Makala haya yanamhusu kijana huyo, lakini yameandikwa kwa ajili ya mwalimu mwenyeji. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na mbinu za kufundisha. Uhusiano upo, tena wa karibu. Mgeni huyo ni mwanafunzi, ingawa jina lake halimo katika daftari la mahudhurio. Ni mwanafunzi mtu mzima, aliyesoma sana kwao, asiyejua hapa mambo ambayo mtoto wa miaka minne wa Manundu anayajua. Ni vigumu kumpata mwanafunzi mgumu kuliko huyo, kwa kuwa sisi hatumhesabu kuwa mwanafunzi, naye ameambiwa kwamba amekuja kuwa mwalimu. Asipofundishwa, hasara haimpati peke yake. Akifunga mizigo na kurudi kwao katikati ya muhula, watoto waliokuwa wamepangiwa kufundishwa naye hubaki na kipindi kitupu katika ratiba, na mara nyingi hakuna wa kukijaza.

Wametoka wapi

Desturi ya kuwapeleka vijana wa nchi tajiri kufanya kazi mbali na kwao kwa posho ndogo si ya zamani sana. Mwaka 1958 Mwingereza Alec Dickson pamoja na mkewe Mora walianzisha shirika la VSO, na waliotangulia walikuwa vijana wa miaka kumi na minane tu, waliomaliza shule na kungoja kuingia chuo kikuu. Tarehe 1 Machi 1961 Rais John Kennedy wa Marekani alitia saini amri iliyounda Peace Corps. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kuwapokea vijana wa shirika hilo: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia waliofunzwa El Paso, Texas, wakaletwa mwaka huohuo wa uhuru kupima barabara. Walimu walifuata baadaye. Peace Corps iliondoka nchini 1969, ikarudi 1979. Wadenmark nao walifungua kituo chao Usa River, karibu na Arusha, ambako vijana wao walifundishwa Kiswahili na desturi kabla ya kwenda vituoni. Mkoani Tanga wengi watakumbuka TIRDEP, mpango wa maendeleo vijijini ulioanza 1972 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na vyuo vya maendeleo ya wananchi ambavyo Sweden ilisaidia kuvianzisha kuanzia 1975, kimojawapo kikiwa Handeni.

Wote hao walipewa mafunzo ya namna fulani kabla ya kuanza kazi. Lakini mafunzo ya wiki kumi humpa mtu msamiati wa sokoni. Hayawezi kumpa shangazi. Namna ya kukaa na watu hujifunzwa kwa watu, nao watu hao ni sisi.

Kwamba jambo hili lina uzito wake kulionekana mapema. Oktoba 1961, kijana mmoja wa Peace Corps aliyekuwa akifunzwa katika Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, alimwandikia rafiki yake kwao postikadi iliyoeleza hali ya maisha aliyoikuta, kwa maneno ya mtu aliyeshtuka. Postikadi hiyo ilianguka kabla ya kutumwa. Wanafunzi wa chuo wakaiokota, wakaitoa nakala, wakaandamana, na habari ikafika magazeti ya dunia nzima. Mwandishi wake aliomba radhi na kurudi kwao. Alikuwa na wiki chache tu nchini. Kilichoandikwa kwenye kadi ile huandikwa na kila mgeni, wa rangi yoyote na katika nchi yoyote, katika wiki zake za kwanza. Tofauti ni kwamba ya wengine huwa haianguki.

Ugonjwa wa ugeni

Mtu aliyelieleza jambo hili kwa njia ya kitaalamu aliwahi kuishi kwa jirani zetu. Kalervo Oberg, aliyezaliwa Canada, alifanya utafiti Ankole nchini Uganda katika miaka ya 1930. Mwaka 1954, akiwa Rio de Janeiro nchini Brazil, alitoa hotuba juu ya hali inayowapata watu waliohamishiwa ugenini ghafla, na hotuba hiyo ikachapishwa 1960. Aliiona hali hiyo kuwa ni namna ya ugonjwa, wenye sababu, dalili na tiba. Sababu yake ni kupotewa na alama ndogondogo ambazo mtu huzitegemea nyumbani bila kufikiri: wakati wa kupeana mikono, maneno ya kumwambia mtu mnapokutana, lini kukubali mwaliko na lini kuukataa, yupi anasema kwa dhati na yupi anatania. Mtu akinyang'anywa alama hizo zote kwa siku moja huwa kama aliyeingia nyumbani kwake gizani na kukuta vyombo vyote vimehamishwa.

Oberg alizitaja hatua nne. Ya kwanza ni fungate, ambapo kila kitu kinapendeza. Ya pili ni hasira: mgeni huwasema wenyeji vibaya na kuwatafuta watu wa kwao ili wasemane nao. Katika hatua ya tatu huanza kujicheka mwenyewe, na ya nne ni kuyapokea maisha ya mahali pale kuwa ni namna nyingine ya kuishi, si namna iliyokosewa. Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti juu ya Wanorway waliokuwa wamekwenda Marekani kwa masomo, akaonyesha kwamba waliokaa huko kati ya miezi sita na kumi na minane walikuwa na hali ngumu kuliko waliokaa muda mfupi zaidi na waliokaa muda mrefu zaidi. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba si kila mtu hupita njia hiyo. Wengine huanza na dhiki tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mwanachuo asizichukue hatua hizi kama vituo vya reli ya Tanga, kwamba baada ya Muheza lazima ije Korogwe. Faida yake ni moja, nayo ni kubwa: zinamwezesha mwenyeji kuitambua hasira ya mgeni kuwa ni dalili, asiidhanie kuwa ni dharau.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana kutoka Denmark amepanga chumba Manundu na kufundisha shule iliyo kando ya barabara iendayo Handeni. Mwezi wa kwanza anapiga picha za milima ya Usambara, anakula bada na mchunga na kuusifu uchungu wake, anawapungia mkono watoto wote wanaomwita "mzungu". Mwezi wa nne watoto walewale, kwa neno lilelile, wanamtoa machozi. Fundi aliyeahidi meza Jumamosi hajaileta, na hii ni Jumamosi ya tano. Amekwisha kuugua malaria mara moja. Anaanza kutoka shuleni moja kwa moja hadi chumbani, anafunga mlango na kusoma kitabu.

Hapa ndipo pande mbili zinapopotezana. Kwao, mtu aliyechoka hupumzika kwa kukaa peke yake, na rafiki mwema ni yule anayemwacha. Kwetu, mtu anayejifungia ana msiba, anaumwa au amekasirishwa, na jirani mwema hamwachi katika hali hiyo. Mama mwenye nyumba anamtuma binti yake akakae naye asije akafa na upweke. Binti anaingia, anaketi kitandani, hasemi neno, kwa kuwa amekuja kukaa tu. Mgeni anaona amefuatwa hata chumbani. Anafunga mlango kwa kitasa. Mama naye anaona mgeni ana kiburi. Hakuna aliyekosa adabu hapo. Kila mmoja ametimiza adabu ya kwao barabara, na kila mmoja amemuumiza mwenzake.

Mwalimu mwenyeji anayezijua lugha zote mbili za adabu anaweza kulimaliza jambo hilo kwa robo saa. Amweleze mgeni kwamba binti yule alitumwa kwa huruma. Amweleze mama kwamba kwao mlango uliofungwa ni sawa na mtu aliyelala, na kwamba ukifunguliwa jioni hakuna lililoharibika. Kisha wapatane saa za kubarizi: mathalani, kila siku baada ya chakula cha usiku mgeni aketi na wenzake nje, hata kama ni kwa nusu saa, na alasiri aachwe apumzike. Mwalimu asiyesema kitu kwa kuona haya huwaacha watu wawili wema wakawa maadui.

Somo la saa

Katika mambo yote ambayo mgeni hukosea, saa ndilo linaloweza kufundishwa vizuri zaidi, na ndilo linaloonyesha tofauti kati ya kumpa mwanafunzi kanuni na kumpa sababu.

Mwalimu mkuu amesema kwa Kiswahili kwamba Jumamosi kuna kikao saa nane. Mgeni, ambaye kamusi yake imemwambia kwamba nane ni nane, anafika wakati jua bado linapanda. Shule imefungwa. Anakaa chini ya mwembe kwa muda wa saa sita kasoro dakika alizochelewa. Walimu wanapofika kwa wakati wao barabara, wanamkuta amevimba, na usiku huo anawaandikia wazazi wake kwamba Waafrika hawajali wakati. Siku hiyo yeye peke yake ndiye aliyekosea.

Wengi wetu humsahihisha kwa kumwambia, "Ongeza sita, au toa sita." Hiyo ni kanuni tupu, naye atasahau ni lini aongeze na ni lini atoe. Afadhali tuanze na kitu anachokijua. Mwambie mgeni aeleze jua la kwao. Kama ametoka Edinburgh, mji ambao Mwalimu Nyerere alisoma kati ya 1949 na 1952, atasema kwamba mwezi wa Juni mchana huchukua saa kumi na saba na nusu hivi, na Desemba huwa kama saa saba tu. Muulize basi: katika nchi ya namna hiyo, mtu angeweza kuzihesabu saa kuanzia mapambazuko? Atacheka na kusema haiwezekani, maana mapambazuko yenyewe hayatulii. Sasa mwonyeshe Korogwe katika ramani, digrii tano hivi kusini mwa ikweta. Hapa tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki dakika arobaini. Jua likichomoza, siku imeanza. Saa moja baadaye ni saa moja. Likikaribia kuchwa ni saa kumi na mbili. Hesabu hiyo ni sahihi kwa nchi yake kama ya kwao ilivyo sahihi kwa nchi yao, tena ni nyepesi kuliko ya kuanza siku katikati ya usiku wakati watu wote wamelala.

Mgeni aliyefundishwa hivyo hasahau. Zaidi ya hayo, kwa mara ya kwanza ameona kwamba jambo alilodhani ni kasoro lina akili ndani yake, na atayatazama kwa jicho hilo mengine ambayo hatukuyataja. Zana ni zilezile za darasa la pili: uso wa saa uliokatwa katika boksi, vijiti viwili na msumari.

Maamkizi hayahitaji maelezo marefu. Mgeni huipenda "shikamoo" mara tu aijuapo, akawaamkia kwayo hata watoto wa darasa la kwanza, na darasa zima likaanguka kicheko. Mwambieni ni ya kwenda juu, basi. Lenye tabu zaidi ni jibu la "ndiyo". Mtu aliyealikwa akasema "nitajaribu", "tutaona" au "Mungu akipenda" kwa sauti fulani amekwisha kukataa, ila hakutaka kumuumiza aliyemwalika. Mgeni husikia ahadi, kisha huhesabu kuwa imevunjwa. Yafaa mwalimu mwenyeji amsaidie kuisikia sauti hiyo mapema, kwa kunong'ona tu pembeni: "Huyo haji."

Kuhusu fedha nitasema waziwazi, ingawa jambo lenyewe halisemwi. Posho ya kijana wa kujitolea ni ndogo kwa kipimo cha kwao, lakini nyumba yake hulipiwa na matibabu yake hulipiwa, nasi tunaona. Mwalimu kijana asianze urafiki huo kwa kukopa. Deni la kwanza likichelewa, mgeni hataamini tena kama anasalimiwa yeye au mfuko wake. Lakini pia si vizuri kumweka nje ya fedha zetu zote, kwa maana katika shule zetu undugu huonekana katika michango. Pakitokea msiba au harusi ya mwalimu mwenzetu, jina lake liandikwe katika karatasi ya michango mahali pake, kwa kiasi kilekile cha wengine. Akitaka kutoa mara kumi, akataliwe kwa upole. Atakayeandikwa sawa na wenzake amepata kiti katika ofisi ya walimu. Atakayelipia jeneza zima amekuwa mfadhili, na mfadhili hana mahali pa kukaa.

Fimbo

Hakuna jambo linalowagawanya mgeni na wenyeji katika shule ya msingi kama fimbo, na makala yoyote inayolikwepa haimsaidii mwanachuo. Mazungumzo haya, yaliyobuniwa kwa ajili ya somo, hayako mbali na yale yanayosikika.

"Mwalimu, mimi siwezi kumpiga mtoto."

"Hakuna aliyekuomba umpige."

"Lakini darasa langu likipiga kelele, mwalimu wa zamu anaingia na fimbo. Watoto wanapigwa kwa sababu yangu."

"Wanapigwa kwa sababu ya kelele."

"Kelele ni yangu. Nimeshindwa kuwatuliza."

"Kwenu darasa lina watoto wangapi?"

"Ishirini na wawili."

"Na hapa?"

"Sabini na wanane."

Mwanachuo ayasome tena mazungumzo hayo na kujiuliza nani ana haki. Mgeni amesema kweli mbili na mwenyeji amesema moja. Ni kweli kwamba mbinu alizojifunza kwa watoto ishirini na wawili haziwezi kusimama mbele ya sabini na wanane; hilo mwenyeji amelionyesha vizuri kwa maswali mawili, bila kumtukana. Lakini ni kweli vilevile kwamba fimbo ile ya mwalimu wa zamu haina idhini. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zilitungwa 1979, na kanuni za 2002 ziliiweka idadi kuwa viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu, au na mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa kosa kubwa, na adhabu iandikwe katika kitabu. Hazisemi kwamba kila mwalimu apitaye dirishani aingie na fimbo. Katika jambo hili mgeni, ambaye hajawahi kuiona kanuni hiyo, yuko karibu nayo kuliko sisi tuliofunzwa juu yake. Ni vema tulikubali hilo mbele yake, maana mgeni anayeona tunatetea kisichotetewa na sheria yetu wenyewe hatatuamini katika mengine ambayo tuna haki.

Upande wa pili ni upungufu wake. Mgeni aliyeikataa fimbo na asiye na kitu cha kuiweka mahali pake amewaacha watoto bila uongozi, nao wanalijua hilo kabla ya kipindi kwisha. Hapa ndipo mwenyeji anapokuwa mkufunzi wake. Tunazo njia nyingi ambazo tumezizoea hata tumesahau kwamba ni njia: wimbo unaoanzishwa na mwalimu kwa sauti ya chini na kuwafanya sabini na wanane waimbe badala ya kusema, kupiga makofi kwa mpigo maalumu ambao darasa huujibu, kiranja anayegawa madaftari kwa safu, kitendawili kimoja mwanzoni mwa kipindi, ambacho hakitegwi mpaka pawe kimya. Kwao hakuna haja ya vitu hivyo, ndiyo maana hana. Mwalimu mwenyeji amwalike aketi nyuma ya darasa lake kwa vipindi vitatu, asiangalie somo, aangalie mikono na sauti ya mwalimu tu, na kuandika kila mara darasa lilipotulia na kilichofanyika kabla yake. Kisha wabadilishane: mwenyeji akae nyuma ya darasa la mgeni. Huenda akajifunza jambo yeye pia, hasa namna mgeni anavyomngoja mtoto aliyenyamaza amalize kufikiri, jambo ambalo wengi wetu hatulimudu kwa pupa ya kumaliza mada.

Kipindi cha darasa la tano

Watoto nao wana sehemu yao, na kipindi kimoja cha dakika arobaini kinaweza kubadilisha mengi kuliko maonyo mstarini. Lengo lake ni kwamba kila kikundi kiweze kumfundisha mtu mzima jambo moja la hapa kwa vitendo na kwa Kiswahili sahihi. Siku moja kabla, mwalimu awagawe watoto katika vikundi na kuvipa kazi: kupiga hodi na kukaribishwa, kununua nyanya kwa fungu na kuomba nyongeza, kusoma saa kwa jua na kivuli cha mlingoti wa bendera, kumpokea mtu mzima mzigo njiani. Mgeni aingie kama mwanafunzi na kuketi katika dawati. Kila kikundi kimfundishe kwa dakika tano, kwa vitu halisi, na kumjaribisha.

Mwalimu aangalie mambo mawili. La kwanza ni kicheko. Watoto watacheka matamshi yake, na kicheko chenyewe si kibaya; lakini kila anayecheka asimame atamke neno lile polepole hadi mgeni alipate. La pili ni jina. Mtoto aliyemfundisha mtu kuomba nyongeza ya nyanya hawezi tena kumwita "mzungu" kwa sauti ileile, kwa kuwa sasa ni mwanafunzi wake. Mwalimu aliandike jina la mgeni ubaoni, darasa lilitamke, na tangu siku hiyo aitwe "mwalimu" pamoja na jina lake kama walimu wengine wote. Dakika za mwisho apewe mgeni naye afundishe jambo moja la kwao. Jua la Juni lisilotaka kuchwa linatosha; watoto watauliza maswali mpaka kengele ilie, na swali ambalo huja kila mara ni kwamba watu wa huko hulala saa ngapi.

Mwanachuo kama mgeni

Korogwe si mahali pageni kwa wageni. Reli ilifika 1902. Mkonge, uliowaajiri watu wengi wa mkoa huu kwa miaka mingi, ni mgeni pia: mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kwa ajili ya mashamba yake waliletwa manamba kutoka Kigoma, Songea na hata ng'ambo ya mipaka, watu waliofika bila kujua neno la Kisambaa, Kizigua wala Kibondei, na wengi bila Kiswahili cha kutosha. Wajukuu wao leo ni wenyeji. Methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia 1962 katika maandishi yake juu ya ujamaa, kwa watu hao haikuwa methali; walipewa jembe siku ya kwanza. Waliowafanya wawe wenyeji walikuwa majirani waliowafundisha maneno.

Mwalimu kijana kutoka Kagera anayepangiwa kijiji cha ndani Handeni yumo katika habari hii. Naye atakuwa na fungate yake, na mwezi wa nne wake. Atawasema wenyeji kwa watu wa kwao katika simu, atajifungia chumbani, ataona chakula hakina ladha, ataanza kuandika barua ya uhamisho. Walimu wengi huomba uhamisho katika mwaka wa kwanza kwa sababu ambazo katika karatasi ni za afya au za familia, na watoto wa huko hubaki na kipindi kitupu kama tulivyosema hapo juu, bila mgeni yeyote wa ng'ambo kuhusika. Anayezijua dalili hizi kwa mwenzake ataweza kuzijua kwake, na kuingoja miezi michache kabla ya kuituma barua.

Zoezi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo awe na daftari dogo. Kila jioni aandike jambo moja la mahali pale lililomkera na, chini yake, aache mistari mitano mitupu. Baada ya wiki tatu amtafute mwenyeji mmoja, amsomee mambo hayo kwa adabu, na kuijaza mistari hiyo kwa maelezo ya mwenyeji, si kwa maoni yake mwenyewe.

Kisha amwandikie barua ya ukurasa mmoja kijana wa kujitolea atakayeshuka kwenye basi Manundu jioni, akiwa hamjui mtu. Amweleze amwamkie nani kwanza, aulize vipi njia ya shule, chakula gani atakipata saa hiyo na kwa maneno gani atakiomba, na kesho yake afike shuleni saa ngapi, kwa saa ya hapa na kwa saa ya kwao. Habari za simba na za mlima Kilimanjaro zisiwemo. Barua hizo zibadilishwe darasani, na kila mmoja aisome ya mwenzake kana kwamba ndiye anayeshuka.